Difu ya pikapu iliyoinuliwa: 3.73, 4.10, 4.56, 4.88 au 5.13?

Umeinua pikapu yako, umeifunga tairi za inchi 35, na kwa kuitazama tu haidaiwi kitu. Shida inaanza ukiingia barabarani. Ilikuwa ikichomoka, sasa inajikokota kama imebeba mawe. Kilima kidogo tu, giaboksi inashusha gia, inapandisha, inashusha tena, na mguu wako uko chini muda wote. Injini haijachoka. Difu, yaani gia za ekseli zinazopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu, ndiyo imebadilika, ingawa hakuna aliyeifungua.

Hesabu yake ni hii. Chukua pikapu iliyotoka kiwandani na difu ya 3.73 na tairi za 265/70R17, ambazo kipenyo chake ni milimita 803 hivi. Tairi ya inchi 35 ina milimita 889, kubwa kwa karibu asilimia 11. Kila inapozunguka mara moja inakwenda mbali zaidi, kwa hiyo gari linajiendesha kana kwamba lina difu ya 3.37. Ukitaka kurudi ulikokuwa, zidisha resho (namba ya difu) ya zamani kwa kipenyo kipya, kisha gawa kwa kipenyo cha zamani: 3.73 × 889 ÷ 803 = 4.13.

Wengi huishia hapo na kuagiza 4.10. Hesabu yao si mbaya, ila imepima kipenyo tu. Haijapima uzito: tairi moja ya 35 yenye meno makubwa inaweza kuizidi ya kiwandani kwa kilo kumi, na sehemu kubwa ya uzito huo iko mbali na kitovu, mahali pabaya zaidi kwa injini inayotakiwa kuuzungusha kila unapoondoka. Haijapima upepo pia. Gari lililoinuliwa linaupokea upepo kwa kifua kipana, na mwendo ukiongezeka mara mbili, ukinzani wa upepo unaongezeka mara nne.

Tena, ukubwa wa tairi peke yake hautoi jibu. Viwanda vyenyewe ni mashahidi. Ford F-150 Raptor yenye tairi za inchi 35 ilipewa difu ya 4.10. Jeep Wrangler Rubicon yenye kifurushi cha Xtreme Recon, inchi 35 zile zile, ikapewa 4.56. Ford Bronco yenye kifurushi cha Sasquatch, inchi 35 zile zile, ikapewa 4.70. Hakuna aliyekosea hapo. Raptor ina V6 ya lita 3.5 yenye turbo mbili na imetengenezwa ikimbie. Hao wengine wawili wamelengwa zaidi kupanda miamba. Kwa hiyo ukiona jedwali linalosema "tairi 35, weka 4.88" bila kukuuliza giaboksi gani na unakimbia kilomita ngapi kwa saa, lichukulie kama ushauri wa mtu asiyelijua gari lako.

Tuelewane lugha kwanza

Hapa watu hugombana bure. Namba kubwa ya difu ni difu ya nguvu: propela (shafti inayotoka giaboksi kwenda difu) inazunguka mara nyingi zaidi ili gurudumu lizunguke mara moja. Namba ndogo ni difu ya mbio. Namba yenyewe inatokana na meno ya krauni (gia kubwa ya difu) ukigawa kwa meno ya pinioni (gia ndogo inayoizungusha). 41 kwa 11 ndiyo 3.73. Mtu akikuambia "weka difu ya chini", muulize namba, maana wengine husema chini wakimaanisha namba ndogo na wengine wakimaanisha nguvu.

Vigezo

Kila difu nitaipima kwa mambo manne: raundi za injini safarini, kuondoka na kupanda mlima, kutambaa kwenye mawe ukiwa umeingiza transfa (giaboksi ya pili inayogawa nguvu mbele na nyuma) kwenye L4, gia yake ya nguvu, na uimara wa pinioni. Kisha nitasema inamfaa nani.

Jedwali hili ni la tairi za inchi 35 na giaboksi ya gia sita, ya kwanza ikiwa 4.00 na ya mwisho 0.70, na transfa ya 2.72. Namba ya kutambaa ni gia ya kwanza mara transfa mara difu. Kabla ya kubadilisha tairi, gari hili lilikuwa likipiga raundi 1,730 kwa kilomita 100 kwa saa na 2,070 kwa kilomita 120.

| Difu | Meno ya krauni/pinioni | Ni sawa na difu gani kwenye tairi za mwanzo | Raundi, km 100 kwa saa | Raundi, km 120 kwa saa | Kutambaa |
|---|---|---|---|---|---|
| 3.73 | 41/11 | 3.37 | 1,560 | 1,870 | 41 kwa 1 |
| 4.10 | 41/10 | 3.70 | 1,710 | 2,060 | 45 kwa 1 |
| 4.56 | 41/9 | 4.12 | 1,900 | 2,290 | 50 kwa 1 |
| 4.88 | 39/8 | 4.41 | 2,040 | 2,450 | 53 kwa 1 |
| 5.13 | 41/8 | 4.63 | 2,140 | 2,570 | 56 kwa 1 |

Tairi ikibeba gari hubonyea kidogo, kwa hiyo dashibodi yako itaonyesha raundi zilizozidi hizi kwa asilimia chache. Idadi ya meno nayo hutofautiana kidogo kati ya watengenezaji.

3.73: kuiacha ilivyo

Safarini, kwa macho, raundi zinapendeza: 1,560 kwa mwendo wa 100. Kwa injini ya petroli isiyo na turbo hizo ni raundi za uvivu. Injini iko chini ya mahali inapopata nguvu yake, kwa hiyo otomatiki inakataa kukaa gia ya sita na inashuka ya tano kila upepo ukivuma. Ndiyo maana wengi hushangaa kwamba gari linakunywa zaidi ingawa raundi zimepungua.

Kuondoka ni kuzito, na mwenye gia za mkono atailipia klachi. Kwenye mlima mrefu otomatiki inapata joto, hasa toki konventa (inayounganisha injini na otomatiki) ikiwa inafunga na kuachia, inafunga na kuachia. Kutambaa ni kwa shida. Unabaki ukishika breki kushuka mahali ambapo injini ingekuzuia yenyewe. Pinioni tu ndiyo haina lawama: meno 11, kichwa kinene, na kazi yote ilifungwa kiwandani.

Inamfaa nani? Mwenye dizeli ya turbo yenye nguvu nyingi kuanzia raundi 1,500, au mwenye otomatiki ya gia nane au kumi ambayo gia yake ya kwanza ni 4.7 hivi. Giaboksi za namna hiyo husamehe mengi. Inamfaa pia aliyefunga inchi 33 na si 35. Kwake ongezeko ni asilimia 4 tu, na kufungua ekseli mbili kwa ajili ya asilimia 4 ni kujitafutia kazi.

4.10: kurudi nyumbani

Hii inakurudisha karibu kabisa na gari ulilonunua: 3.70 badala ya 3.73. Raundi safarini ni zile zile ulizozizoea. Kuondoka kunakuwa bora kuliko jana, ila hakufikii kwa asilimia zote kulivyokuwa, kwa sababu ya uzito na upepo niliotaja. Kutambaa kunaongezeka kidogo tu. Pinioni ya meno 10 bado ni imara.

Ukiuliza maoni yangu, 4.10 ni chaguo zuri kwa mtu ambaye gari lilitoka kiwandani na 3.21 au 3.55, au mwenye injini yenye nguvu ya kutosha anayeishi kwenye barabara kuu. Kwa aliyekuwa na 3.73 na petroli ya kawaida, ni kazi kubwa kwa tofauti ndogo. Utafungua ekseli zote mbili, ubadilishe beringi na sili, halafu ubaki ukisema, "Kumbe ningeongeza kidogo." Kuna magari mengi yaliyotoka kiwandani na 4.10 tayari, wenye hayo wasome sehemu zinazofuata, wakijua kwamba hesabu ya kurudi nyumbani kwao inaangukia kwenye 4.54.

4.56 na 4.88: hapa ndipo watu wanapokwama

Nimeziweka pamoja kwa sababu swali huwa ni kati ya hizi mbili, na tofauti yao ni asilimia 7 tu.

4.56 inafanya kazi ambayo 4.10 haikuimaliza. Gari linajisikia kama lina 4.12 kwenye tairi zake za zamani, yaani limepewa nguvu ya ziada ya asilimia kumi kubeba uzito na kukata upepo. Kwa mwendo wa 100 injini iko raundi 1,900, na otomatiki nyingi zitakaa gia ya sita bila kuhangaika. Kwa 120 ni 2,290, bado mnaongea bila kupaza sauti. Ukiachia mafuta kwenye mteremko, injini inalishika gari tena. Pinioni inashuka hadi meno 9.

4.88 inaongeza raundi 130 hadi 160 juu ya hapo. Kwa karatasi ni kidogo. Kwenye mlima wenye mzigo nyuma ni tofauti ya kupanda kwa gia ya nne au kushuka ya tatu. Kuondoka ni kwepesi hata ukiwa umejaza mizigo na hema juu ya kabini. Kutambaa kunafika 53 kwa 1. Gharama yake ni pinioni ya meno 8, na mwendo wa propela.

Hilo la propela husahaulika. Kwa kilomita 100 kwa saa, propela ya gari hili ilikuwa ikizunguka mara 2,460 kwa dakika kabla ya mabadiliko. Ukiwa na 4.56 ni 2,720. Ukiwa na 4.88 ni 2,910. Sasa kumbuka umeinua gari, kwa hiyo propela imesimama kwa pembe kali zaidi kuliko ilivyokusudiwa. Mtetemo mdogo ambao hukuusikia jana unaweza kujitokeza baada ya kubadilisha difu, na utamlaumu fundi wa difu bure wakati kosa liko kwenye pembe ya pinioni au msalaba wa propela uliolegea.

Kinachoamua kati ya hizi mbili ni gia yako ya mwisho. Mimi mwenyewe nilikosea hapa. Nilifuata jedwali la tairi, nikafunga 4.88 kwenye gari la gia tano za mkono ambalo gia yake ya tano ni 0.85. Porini ilikuwa raha tupu. Barabarani, kwa 100, mshale ulisimama karibu na 2,500, na kwa 120 ukagusa 3,000. Saa ya kwanza unajiambia utazoea. Saa ya tatu unagundua mkono umekwenda wenyewe kwenye gia kutafuta ya sita isiyokuwepo. Kwa gari lile 4.56 ingetosha. Lakini difu hiyo hiyo ya 4.88 kwenye otomatiki ya gia nane, ambayo ya mwisho ni 0.67, ingepiga raundi 1,950 tu na nisingekuwa na neno.

4.56 inamfaa mwenye gari la kila kitu: kazini siku tano, porini siku mbili, na giaboksi yenye gia ya mwisho ya wastani. 4.88 inamfaa anayevuta trela, anayeishi milimani, mwenye injini ndogo ya petroli, au mwenye otomatiki ya kisasa yenye gia ndefu ya mwisho. Inamfaa pia anayejua kwamba tairi za 35 ni kituo tu na safari inaelekea 37. Kwa inchi 37, 4.88 inafanya kazi ileile ambayo 4.61 ingefanya kwa 35.

5.13: kwa tairi za 37, au kwa mwenye sababu

Kwa tairi za 35, raundi 2,140 kwa mwendo wa 100 si janga kama gia ya mwisho ni 0.70. Kuondoka ni kama gari limepungua uzito. Kutambaa ni 56 kwa 1. Tatizo liko kwenye chuma.

Fundi mmoja aliwahi kuniwekea mezani pinioni mbili za ekseli ya aina moja, ya meno 11 na ya meno 8. Ya kwanza ilijaa kiganjani. Ya pili kichwa kilikuwa kimesinyaa, meno yake mapana, lakini ukiigusanisha na krauni unaona kwa macho yako kwamba meno machache zaidi ndiyo yanayogawana mzigo kwa wakati mmoja. Kwenye ekseli kubwa ya nyuma hilo linavumilika. Kwenye ekseli ndogo ya mbele, yenye tairi nzito, loka (kifaa kinacholazimisha magurudumu mawili ya ekseli yazunguke pamoja) imefungwa na mguu mzito, meno yanaweza kung'oka.

Na kwa anayeifuata 5.13 kwa ajili ya mawe tu, kuna hesabu inayofaa kutazamwa. Otomatiki za zamani za gia nne zina gia ya kwanza ya 2.8 hivi. Ukizidisha na transfa ya 2.72 na difu ya 5.13, unapata 39 kwa 1. Bado uko nyuma ya gari la gia sita lenye 3.73. Ukiiacha difu kwenye 4.10 na kubadilisha gia za transfa ziwe 4 kwa 1, unapata 46, na barabarani raundi hazijaguswa. Kwa kutambaa, transfa inatoa zaidi kuliko difu.

5.13 inamfaa mwenye tairi za 37, mwenye injini dhaifu na gari zito, na asiyejali kukimbia. Kwa dizeli ambayo raundi zake zinaishia 4,500, siipendekezi kwenye tairi za 35 hata kidogo. Utabadilisha gia kabla hujamaliza kupumua.

Yasiyobadilika, difu yoyote utakayochagua

Kama gari ni la magurudumu manne, ekseli ya mbele na ya nyuma lazima zilingane. Ukifunga 4.56 nyuma na kuacha 3.73 mbele, siku utakapoingiza 4x4 kwenye ardhi ngumu kitu kitavunjika. Tofauti ya 4.10 na 4.11 haina shida.

Uliza kuhusu keria (chuma kinachobeba krauni) kabla ya kuagiza gia. Kuna ekseli ambazo keria moja haipokei resho zote. Kwenye ekseli za Dana 44 za zamani mpaka uko kati ya 3.73 na 3.92, ukivuka, unahitaji keria nyingine, au krauni iliyotengenezwa nene kufidia. Na kama una ndoto ya kufunga loka, ifunge siku hiyo hiyo, kwa sababu kazi ya kufungua ni ileile.

Ufundi wa kufunga unaamua zaidi kuliko chapa ya gia. Mchezo (nafasi ndogo) kati ya krauni na pinioni mara nyingi unatakiwa uwe milimita 0.15 hadi 0.25, kama unene wa karatasi mbili. Fundi mzuri atapaka rangi kwenye meno, atazungusha, na kukuonyesha alama ilipokaa: katikati ya jino, haijapanda ncha wala kuzama shinani. Asiyekuonyesha, muombe. Baada ya hapo endesha polepole kilomita 25 hivi, simama mpaka difu ipoe, rudia mara mbili au tatu. Usivute trela kilomita 800 za mwanzo, na zikifika mwaga oili ya difu uweke mpya. Oili ya kwanza itatoka na unga wa chuma unaong'aa; huo ni wa kawaida, vipande sivyo.

Halafu spidomita. Ukiwa na tairi za 35 bila kurekebisha, ikisoma 100 wewe uko karibu 111. Gari linalosoma mwendo kwenye giaboksi litahitaji kuambiwa tairi na difu. Linalosoma kwenye magurudumu, tairi tu ndiyo inalidanganya spidomita, ila kompyuta ya otomatiki bado inataka kuijua difu mpya ili ibadilishe gia kwa wakati.

Kwa hali yako

Unaishi barabara kuu, injini ina turbo, gia nane au zaidi: 4.10, au kaa na 3.73 kwa miezi michache kwanza.

Petroli isiyo na turbo, otomatiki ya gia sita, matumizi mchanganyiko: anza kufikiria kwenye 4.56. Ongeza trela au milima, nenda 4.88.

Gia tano za mkono na ya tano ni 0.85 au zaidi: punguza hatua moja kuliko unavyoshauriwa na kila mtu.

Otomatiki ya gia nne yenye ya mwisho 0.70: 4.88 bila kusitasita, maana nafasi kati ya gia na gia ni kubwa na injini inahitaji msaada ikidondoka kutoka moja kwenda nyingine.

Bado hujaamua kati ya 33, 35 na 37: nunua tairi kwanza, difu baadaye.

Na kama umebaki na mbili tu mkononi, lipo jaribio la bure. Tairi mpya zikiwa zimefungwa na difu bado ya zamani, nenda kwenye barabara unayoitumia kila siku, shika mwendo wako wa kawaida, kisha izuie giaboksi isivuke gia ya tano. Kama ya tano ni 0.85 na ya sita 0.70, gari la 3.73 likiwa kwenye ya tano linapiga raundi zile zile, na kuvuta vile vile, kama lingekuwa na difu ya 4.53 kwenye ya sita. Endesha hivyo nusu saa, panda mlima wako, sikiliza. Ukihisi imekaa sawa, agiza 4.56. Ukitamani bado ingeongeza kidogo, ni 4.88. Na kelele zikikuchosha kabla ya nusu saa kwisha, rudi ukaisome upya sehemu ya 4.10.